Padova, Mji Uliofungua Mgongo

Mwezi Januari ukungu wa Padova hauna haraka. Hutanda usiku kutoka bonde la mto Po, ukajaza vichochoro na mifereji, na hata saa nne asubuhi makuba ya kanisa la Mtakatifu Antonio bado yanaonekana nusunusu. Wenyeji hawaunung'unikii. Mji wao umejengwa kwa baraza ndefu zenye matao, mtaa baada ya mtaa, na mtu aweza kutembea muda mrefu chini ya paa, akapita wauza mikate, wauza vitabu na wanafunzi waliobanana kwenye meza ndogo za kahawa, bila unyevu kumgusa begani. Wasafiri wengi hawayaoni haya. Wamo ndani ya treni inayokwenda Venice, safari ya kama nusu saa tu kutoka hapo, nayo Padova wanaitazama ikipita dirishani. Mimi nilishuka hapa kwa makusudi, Venice ikasubiri.

Kazi yangu ni ya usingizi. Katika hospitali za wilaya kwetu Tanzania, mtu wa usingizi hutumia siku zake nyingi nyuma ya migongo ya kina mama wanaojifungua kwa upasuaji. Mama ameketi ukingoni mwa kitanda, amekumbatia mto, kidevu kifuani. Mimi nyuma yake napapasa mifupa ya nyonga, navuta mstari kwa jicho kutoka upande mmoja hadi wa pili, natafuta pengo kati ya pingili. Mstari huo hukatiza kwenye pingili ya nne ya kiuno au jirani yake. Sindano inaingia, inapita ngozi, mafuta, kano moja baada ya nyingine, kisha vidole vinahisi kitu kikikubali, na tone la maji maangavu linatokea upande wangu. Hapo ndipo dawa inapoingizwa. Dakika chache baadaye mama hawezi kuinua miguu, lakini yu macho, na mtoto akilia yeye yupo kumsikia. Nimeifanya kazi hii kwa miaka bila kukiona ninachokigusa. Ndiyo maana nilitaka kusimama mahali ambapo kuutazama mwili wa binadamu kulijengewa nyumba ya kudumu.

Mwenyeji wangu alikuwa mtoto wa kaka yangu, anayesoma uhandisi hapo. "Shikamoo shangazi," akasema stesheni, na kabla sijamaliza marahaba alikuwa ameshanifunga skafu yake shingoni.

Chuo kikuu cha Padova kilianza mwaka 1222, walipohama Bologna walimu na wanafunzi waliotaka uhuru zaidi wa kusoma na kufundisha. Kuanzia 1405 mji ulikuwa chini ya Jamhuri ya Venice, dola ya wafanyabiashara iliyoona faida ya kuwaacha wasomi wafikiri. Wakaja watu kutoka Ujerumani, Poland, Uingereza na Ugiriki. Wakaja Wayahudi, ambao vyuo vingi vya Ulaya viliwafungia milango. Copernicus alisomea tiba hapa. Galileo alifundisha hapa kuanzia 1592 hadi 1610, na jukwaa la mbao linalosemekana kuwa lake bado limehifadhiwa. Ukiingia katika jengo kuu, Palazzo Bo, ua wa ndani umezungukwa na nguzo za safu mbili, na kila sehemu ya ukuta na dari imejaa nembo za ukoo za wanafunzi na viongozi wao wa karne hizo. Ninazijua nyumba za ibada zenye mapambo machache kuliko hayo. Mojawapo ya nembo ni ya William Harvey, Mwingereza aliyehitimu hapa mwaka 1602, ambaye mwaka 1628 alichapisha ithibati kwamba damu huzunguka mwilini ikisukumwa na moyo.

Siku tuliyofika kulikuwa na mahafali. Wahitimu walitoka mmoja mmoja na shada la majani ya mlori kichwani, rafiki zao wakiwaimbia, mama zao wakilia, nao baba wakijifanya hawalii. Nilisimama pale barazani nikapiga makofi kwa watu nisiowajua.

Chini ya ngazi moja ipo sanamu ya mwanamke, nami sikuipita harakaharaka. Ni Elena Lucrezia Cornaro Piscopia, aliyezaliwa Venice mwaka 1646. Alitaka shahada ya teolojia, askofu akakataa kwa kuwa yeye ni mwanamke. Akapewa nafasi ya kutahiniwa falsafa, na tarehe 25 Juni 1678 akawa mwanamke wa kwanza duniani kujulikana kutunukiwa udaktari wa chuo kikuu. Mji unaoweka sanamu hiyo njiani, mahali ambapo kila mwanafunzi atapita, unastahili heshima.

Ukumbi wa anatomia unauingia kwa chini. Zamani upande huu ulikuwa wa marehemu: kuna chumba cha pembeni, waongozaji wanakiita jikoni, ambamo mwili uliandaliwa kabla ya kuwekwa mezani. Leo wageni ndio wanaopita humo kwa vikundi vidogo, na ukifika katikati unainua uso. Juu yako ngazi 6 za mbao zinapanda huku zikipanuka, umbo la yai juu ya umbo la yai, kila moja na ukingo wake wa mti wa jozi uliochongwa kwa ustadi wa seremala aliyejua kwamba kazi yake itashikwa na mikono mingi. Ukumbi wote ni faneli, na wewe umesimama kwenye tundu lake. Hakuna viti. Watu 200 na zaidi walisimama humo wamebanana, vifua kwenye ukingo, wakitazama chini. Hapo mwanzo hapakuwa na madirisha. Mwanga ulikuwa wa mishumaa. Mlangoni yapo maandishi ya Kilatini yanayosema kwamba hapa mauti hufurahi kuusaidia uhai.

Aliyeusimamia ujenzi ni Girolamo Fabrici wa Acquapendente, mwalimu wa anatomia na upasuaji kwa miongo mingi, na mmoja wa walimu wa Harvey. Ukumbi ulifunguliwa 1595 na ukatumika hadi 1872. Katika kumbi za kudumu za aina yake zilizosalia duniani, huu ndio mkongwe kuliko zote. Kabla yake walijenga majukwaa ya mbao ya muda, wakayavunja masomo yakiisha.

Katika majukwaa hayo ya muda ndipo alipofundisha Andreas Vesalius, mzaliwa wa Brussels, aliyepewa kiti cha upasuaji na anatomia hapa mwezi Desemba 1537 akiwa hajatimiza miaka 23. Desturi ya vyuo ilikuwa profesa akae juu kwenye kiti chake asome maandishi ya Galeni, huku kinyozi akikata mwili na mtu wa tatu akionyesha kwa kijiti. Mwalimu hagusi, mkataji hasomi. Vesalius alishuka kitini, akashika kisu mwenyewe. Akagundua kwamba Galeni, bwana mkubwa wa tiba kwa zaidi ya miaka 1,300, alieleza mwili wa binadamu kwa kuwapasua nyani na nguruwe, na kwamba mambo zaidi ya 200 hayakulingana na mtu. Kitabu chake kikubwa kilichapwa Basel mwaka 1543, na sioni kama tiba ilipata tena kitabu cha kukifikia kwa uzuri.

Hata hivyo simdharau Galeni, hasa kwenye suala la mgongo. Huko Roma, katika karne ya pili, aliwakata wanyama ugwe wa mgongo kwa viwango mbalimbali ili aone kinachopotea. Akikata juu kabisa shingoni, mnyama anakufa papo hapo. Akishuka kidogo, pumzi inakoma. Akishuka zaidi, kifua kinalala lakini kiwambo kinaendelea kuvuta hewa. Akifika kiunoni, miguu peke yake ndiyo inayopooza. Ni majaribio ya kikatili, na matokeo yake ninayatumia kila siku ya kazi. Neva za kiwambo hutoka kwenye shingo, kiwango cha tatu, cha nne na cha tano; ndiyo sababu nikishachoma dawa kiunoni sitoki ubavuni kwa mgonjwa. Namgusa tumboni, kisha kifuani, namuuliza kama anahisi baridi, namwambia anibane vidole. Ganzi ikipanda hadi mikononi, najua inaelekea wapi. Na kabla ya Galeni kulikuwa na Afrika: mafunjo ya tiba ya Misri yenye umri wa miaka 3,600 hivi yanamweleza mtu aliyevunjika pingili ya shingo, asiyehisi mikono wala miguu, na tabibu anaagizwa aseme ukweli kwamba huo ni ugonjwa asioutibu.

Nikiwa pale chini nilijiuliza jambo ambalo mwongozaji hakulisema. Mwili ulilazwa chali. Kazi ilianza tumboni, kwa kuwa tumbo ndilo linalooza kwanza, ikaja kifuani, ikaja kichwani, ikamalizikia kwenye viungo. Masomo yalifanyika wakati wa baridi kama hii ili mwili udumu, na hata hivyo siku zilikuwa za kuhesabu. Mgongo, basi, ulikuwa umelaliwa. Kuufikia ugwe wake yataka mwili ugeuzwe kifudifudi, misuli minene ya pande mbili itolewe, halafu tao la nyuma la kila pingili likatwe kwa msumeno au patasi, moja baada ya jingine, kutoka shingoni hadi kiunoni, bila chuma kuzama ndani. Ni kazi ya subira hata leo. Na kitu chenyewe kilichomo ni laini mno. Kinaharibika upesi baada ya kifo. Katika mwili wote hakuna kilichofichwa kwa uangalifu kama hiki, na ndiyo maana, hata Padova, kilijulikana polepole na kwa kuchelewa.

Fikiria basi mwalimu mwenye subira, fundi wa msumeno, amefika. Mfereji wa pingili umefunguliwa wote, na kano za rangi ya manjano zilizofunga matao zimekatwa. Kinachoonekana kwanza ni mafuta malegevu na mtandao wa vena nyembamba, uliolala kati ya mfupa na utando. Halafu kuna utando wa kwanza, ule mgumu, unaoitwa dura: mfuko mweupe, imara, ulioanza kwenye tundu kubwa la fuvu ukashuka mpaka kwenye mfupa wa sakramu, usawa wa pingili yake ya pili. Huu ndio ule ninaouhisi ukikubali. Umeugusa kwa ndani utando wa pili, araknoidi, mwembamba kiasi cha kupenya mwanga. Chini yake ndiyo nafasi yenye maji. Na mwisho kuna pia, utando mwororo uliogandamana na ugwe wenyewe, unaoingia kila mfereji wake mdogo na kubeba mishipa ya damu inayoulisha. Kutoka kwenye pia vinatokea vijino vya tishu, jozi 21, vinavyoshika dura upande wa kulia na wa kushoto, hivyo ugwe unaning'inia katikati ya maji umefungwa pande zote mbili: tukiinama, tukigeuka, tukiruka mfereji, haugongi mfupa.

Ugonjwa tunaouita homa ya uti wa mgongo unashambulia nyumba hii ya tando na maji yake, ya mgongoni na ya kwenye ubongo pamoja, maana ni nyumba moja. Shingo ya mgonjwa inakakamaa kwa sababu kila mwinamo unavuta tando zilizowaka moto. Mwanga mdogo wa maji yale kwenye kichupa, yakiwa maangavu au yakiwa na ukungu, umewahi kuniambia usiku wangu utakuwaje.

Ugwe wenyewe unashangaza kwa udogo wake. Kwa mtu mzima ni sentimita 45 hivi, pungufu kidogo kwa wanawake, unene wa kidole kidogo, uzito wa gramu kama 35. Umevimba mahali pawili, shingoni na karibu na mwisho wake, kwa kuwa hapo ndipo neva za mikono na za miguu zinapotokea. Neva zote zinazotoka kwenye ugwe ni jozi 31: 8 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, 5 za sakramu na 1 ya kifandugu. Kila moja ina mizizi miwili. Wa nyuma huleta habari za kuguswa, joto na maumivu. Wa mbele hupeleka amri kwenye misuli. Jambo hilo halikuthibitishwa Padova wala wakati wa mishumaa; ni Mskoti Charles Bell mwaka 1811 na Mfaransa François Magendie mwaka 1822 walioligawana, kwa ugomvi mkubwa wa nani alitangulia. Na ukiukata ugwe kwa upana utaona umbo la kipepeo wa kijivu lililozungukwa na weupe: kijivu ni chembe za neva, weupe ni nyuzi zinazopanda ubongoni na kushuka.

Sasa hesabu. Nguzo ya pingili ni sentimita 70 hivi, ugwe ni 45. Haujazi nyumba yake. Mimba ikiwa ya miezi 3 ulikuwa unaijaza yote, toka juu hadi chini; baadaye mifupa ikakua upesi kuliko neva, ugwe ukabaki nyuma. Mtoto anapozaliwa ncha yake iko usawa wa pingili ya tatu ya kiuno. Kwa mtu mzima imepanda hadi ya kwanza au ya pili. Neva za chini, zilizokwisha kuzoea tundu zao za kutokea, zikalazimika kurefuka kuzifuata, na zikawa fundo la nyuzi zinazoelea ndani ya maji, wanaanatomia wakaliita mkia wa farasi. Katikati yao unapita uzi mmoja mwembamba, wa sentimita 20 hivi, unaoifunga ncha ya ugwe kwenye kifandugu.

Naomba msomaji aliyewahi kuogopa sindano ya mgongo aisome tena aya hiyo. Nimesikia mara nyingi wodini: nitapooza, dada yangu aliambiwa, jirani yangu mgongo haujapona tangu achomwe. Hofu hiyo naiheshimu, kwani anayegeuza mgongo wake kwa mtu mwenye sindano ameweka imani kubwa. Lakini ile sentimita 25 ya tofauti ndiyo inayotupa nafasi. Tunachoma chini ya pingili ya pili, mahali ambapo ugwe umeshaisha na neva zinaelea, na neva inayoelea husogea sindano inapopita. Maumivu ya kichwa yanaweza kuja, maji yakiendelea kuvuja kwenye tundu la dura. Hilo halifichwi, na lina tiba.

Ni maji hayo yaliyonifanya nikae sana pale chini, mpaka mwongozaji akakohoa. Kwa karne nyingi wapasuaji hawakuyaona ingawa yalikuwa mbele yao. Mara nyingi kichwa kilishatenganishwa na kiwiliwili kabla mgongo haujafunguliwa. Maji yalikwisha mwagika sakafuni, mwalimu akafungua mfuko mtupu, akafundisha kwamba mle mna mvuke wa uhai. Aliyeyaokoa ni kijana wa kusini, Domenico Cotugno, mwana wa familia maskini ya Ruvo huko Puglia, aliyefanya kazi Napoli. Aliiacha miili mizima bila kuikata kichwa, akaisimamisha wima, akafungua mfuko wa dura sehemu ya kiuno, na maji yakatoka. Aliyachapisha hayo mwaka 1764, ndani ya kitabu kuhusu maumivu ya nyonga na mguu. Leo tunajua ni mililita 150 hivi kwa wakati mmoja, ubongoni na mgongoni, na kwamba mwili hutengeneza karibu nusu lita kila siku, hivyo yote hubadilishwa mara tatu au zaidi kati ya asubuhi na asubuhi. Hapa Padova miaka hiyohiyo Giovanni Battista Morgagni, mzee wa miaka 79, alikuwa ametoka kuchapisha mwaka 1761 kitabu kilichofundisha ulimwengu kwamba ugonjwa una makao ndani ya kiungo, na kwamba makao hayo yanaweza kuonekana. Kutoka kwa watu hao hadi Kiel, Ujerumani, ni safari ya karne moja na kidogo: huko Heinrich Quincke aliyatoa maji ya mgongo kwa sindano mwaka 1891, na August Bier akatia dawa ya ganzi mwaka 1898, kisha yeye na msaidizi wake wakajaribiana wenyewe, wakaumwa vichwa vibaya. Sindano ninayoishika mimi ni mjukuu wa hiyo.

Chumba cha jirani kina kabati lenye mafuvu ya vichwa vya maprofesa. Hawakuwa wahalifu. Waliusia miili yao itumike kufundishia, katika taasisi waliyoitumikia. Niliwasalimu kwa kichwa, mmoja mmoja. Wale waliolala kwenye meza ya ukumbini hawakuusia kitu. Wengi walikuwa watu waliohukumiwa kifo, wasio na ndugu mjini wa kuwadai. Elimu yangu imejengwa juu ya miili ya hao waliokuwa hawana wa kuwasemea, na nadhani kila anayenufaika nayo anadaiwa nao dua. Niliisoma kimya kabla ya kutoka. Mtoto wa kaka yangu, asiye na mazoea ya kuniona hivyo, alishika mkoba wangu akasubiri.

Kwa mwenye siku moja tu, Bo inatosha pamoja na soko. Liko chini ya jumba la Palazzo della Ragione, lenye paa kubwa mfano wa merikebu iliyopinduliwa, na tangu zama za kati watu wananunua nyama na jibini humohumo. Mwenye siku ya pili aende bustani ya mimea ya chuo, iliyoanzishwa 1545 kwa ajili ya wanafunzi wa tiba kuzijua dawa zikiwa hai. Mti mmoja mfupi wa jamii ya mitende uliopandwa 1585 bado umesimama ndani ya nyumba yake ya vioo, mkongwe kuliko ukumbi wa anatomia. Jumba la makumbusho ya tiba lililofunguliwa 2015 katika hospitali ya kale ya Mtakatifu Fransisko lina mwili mkubwa wa bandia umelazwa ukumbini, unaomulikwa viungo vyake kimoja kimoja. Watoto wa shule walikuwa wamelala sakafuni kando yake wakimpima mguu, na mwalimu wao aliwaacha. Picha za rangi alizozitengenezesha Fabrici, pamoja na za ubongo na neva, hazimo mjini: aliziachia Jamhuri, nazo zimehifadhiwa katika maktaba ya Marciana, Venice.

Lakini mimi ningekupeleka nje ya mji. Katika kitabu cha Vesalius zile picha maarufu za watu waliochunwa ngozi, wanaosimama kama wanaotembea, zina mandhari nyuma yao: vilima, magofu, mto, daraja. Wasomi waliziweka picha hizo ubavu kwa ubavu wakaona mandhari inaungana kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, na wengi wanaitambua kuwa nchi hii ya vilima vya Euganei, kusini magharibi ya Padova. Basi linafika Abano upesi. Ukungu ulikuwa umepanda siku hiyo, na vilima vikaonekana, vya mviringo, vyenye mizabibu, vikichomoza ghafla kutoka nchi tambarare, maana asili yake ni moto wa chini ya ardhi. Maji ya moto yanatoka hapo mpaka leo. Tangu zama za Warumi watu wenye viungo vibovu wanakuja kuoga, na Abano wanapakwa tope la moto mgongoni na kufunikwa shuka.

Ndivyo nilivyojikuta nimekaa kwenye benchi la mapumziko na babu mmoja mstaafu wa reli, mtoto wa kaka yangu akitutafsiria. Aliponiuliza kazi yangu akasimama, akageuka, akaniambia nimwonyeshe mgongoni mwake ugwe unaishia wapi, kwani daktari wake hutaja namba tu. Nikamwomba ruhusa. Nikaweka mikono juu ya mifupa ya nyonga zake, vidole gumba vikakutana katikati kwenye ya nne. Nikapanda ya tatu, nikapanda ya pili, nikabonyeza. "Hapa," nikasema. Akaita mkewe aje aone.